Mama Akishuka na Baiskeli ya Marehemu

Desemba iliyopita nilipanda Uru, kwetu mlimani, na binti yangu kula Krismasi kwa mama, kama Wachagga wote wanavyopanda. Tulipofika kwenye kanisa la misheni, lile la mawe, tukakuta Wazungu wamesimama na baiskeli. Kofia ngumu kichwani, kaptura za kubana, chupa za maji zimechomekwa kwenye fremu. Kijana wa huku huku kwetu, mwenye fulana ya watu wa utalii, alikuwa anawaeleza historia. Kanisa lilijengwa na mapadre, mawe yalibebwa kichwani na waumini, mfereji ule unaopita pembeni waliuchimba mababu kwa majembe ya mti. Alieleza vizuri, sikatai. Kisha mwanamke mmoja wa Kizungu, mtu mzima, uso umeiva kwa jua, akauliza mbona tangu asubuhi hawajaona mwanamke juu ya baiskeli. Kijana akacheka. Akasema kwa Kiingereza chake kwamba huku wanawake hawajawahi kuendesha baiskeli, ni mila.

Kiingereza hicho nakielewa, sikwenda sekondari kulala. Nikatua begi chini, nikamwuliza, "Wewe, wewe ni mtoto wa nani?"

"Samahani, dada?"

"Nauliza wewe ni wa nani. Maana wa huku hawezi kusema hayo uliyosema."

"Dada, hawa wageni. Usiniharibie kazi, nakuomba."

Binti yangu akanivuta gauni, akasema bibi anatusubiri. Wazungu walikuwa wananitabasamia, wakidhani namsalimu ndugu. Nikabeba begi langu nikapanda, na lile neno nikapanda nalo. Basi nitakuambia wewe, kwa kuwa yeye hakutaka kusikia. Njia ile wanayotoka Ulaya kuja kuifuata, tulivu, yenye kanisa la kale na daraja la kale, mimi nimeipita utoto wangu wote nikiwa nimekaa kwenye keria, nimemshika mwendeshaji kiuno. Na mwendeshaji alikuwa mwanamke. Alikuwa mama yangu.

Baiskeli ilikuwa ya baba. Nyeusi, ya Kichina, nzito kama ng'ombe aliyegoma njiani. Baba alikuwa seremala mjini, akishuka nayo asubuhi na kurudi akiisukuma jioni, kwa sababu kutoka Moshi kuja Uru huendeshi. Baiskeli ya mlimani ndivyo ilivyo: kushuka inakubeba, kupanda unaikokota. Nikiwa darasa la tatu baba akashikwa na kifua, akalala muda mrefu, akafa. Baada ya matanga wazee wa ukoo wakakaa wakagawa vitu vyake kama ilivyo desturi. Koti likaenda kwa huyu, msumeno na randa kwa yule. Baiskeli wakasema ni ya mdogo wake, yaani baba mdogo. Lakini baba mdogo alikuwa na kazi kiwandani, amepanga chumba mjini, mtaa wa Pasua, hakuonekana kuihitaji, basi ikaegemezwa nyuma ya nyumba mpaka atakapokuja kuichukua.

Mama alikuwa anaitazama. Nilimwona. Akitoka bandani kukamua, ndoo mkononi, anasimama anaitazama kama mtu anayetazama mlango uliofungwa. Nchi ilikuwa imefunguliwa milango siku hizo, ruksa kila kitu, mitumba imejaa sokoni, lakini kwetu kihambani, kwenye shamba la ukoo, kahawa ilikuwa imeshindwa kumlisha aliyeipanda. Miti ilikuwepo, bei ndiyo iliyokufa. Kilichobaki ni ng'ombe mmoja wa maziwa. Mama alikuwa akishuka na maziwa mjini kwa miguu, dumu kichwani, na akifika jua limeshapanda, maziwa yameshaanza kukatika. Wateja wanaonja kwa ncha ya kidole, wanasonya, wanafunga mlango. Na shule zilikuwa zimeanza kutaka karo. Mwalimu wangu, aliyekuwa mpole kuliko walimu wote, aliniambia nimwambie mama ajikaze, kwa sababu mtoto kama mimi hakustahili kurudishwa nyumbani.

Jumapili moja mchana, watu wote wako kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, mama akaitoa ile baiskeli, akaniambia, "Njoo ushike nyuma." Tukaenda uwanja wa shule. Alikuwa amevaa suruali ya baba ndani ya gauni, ameikunja miguuni. Nikashika keria, nikakimbia naye.

"Ukiniachia nakuchapa."

"Sijakuachia mama."

Nilikuwa nimeshamwachia zamani, nimesimama katikati ya uwanja mikono kiunoni. Alipogeuka kunitafuta akaingia kwenye ua wa shule, yeye huku, baiskeli kule. Nikamkimbilia nikidhani amevunjika. Nikamkuta amekaa na majani kichwani anacheka, anacheka mpaka anashika mbavu. Tangu baba alale kitandani sikuwa nimesikia kicheko hicho.

Bibi, mama yake baba, aliishi kihamba hicho hicho, ng'ambo ya mfereji. Alipopata habari alikuja na fimbo yake, akasema mwanamke akikalia chuma tumbo linafunga, hazai tena. Mama alikuwa anamenya ndizi za mtori. Akamjibu bila kuacha kumenya, "Mama, wa kunizalisha umeshamzika." Bibi akaiegemeza fimbo. Akakaa, akachukua kisu cha pili, wakamenya wote wawili mpaka karai likajaa. Asubuhi iliyofuata, tulipokuwa tunahangaika na kamba, ni bibi aliyekuja kutuonyesha namna ya kufunga madumu kwa kamba ya mgomba ili yasicheze.

Basi Jumamosi na siku zote za likizo nilikuwa nashuka na mama. Nilikaa kwenye keria juu ya gunia lililokunjwa, dumu mguu huu, dumu mguu ule, na magoti yangu yananuka maziwa. Tulitoka ukungu bado umelala kwenye migomba. Kibo iko nyuma yetu, nyeupe, haina hata wingu, maana mlima ule hujionyesha asubuhi tu, ukichelewa umeshajifunika. Mama hakuweza kugeuka. Mimi ndiye niliyemtazamia.

"Umetoka?"

"Umetoka, mama."

"Wote?"

"Mpaka Mawenzi."

Mwenzangu, sijui kama unajua utulivu wa njia ile wakati ule. Hakukuwa na gari, labda Landrova ya mapadre, nayo uliisikia ikiwa bado ng'ambo ya korongo. Ulisikia maji ya mfereji. Ulisikia mtu anakata majani ya ng'ombe, mundu unasema kwaa, kwaa. Mbega wanaruka juu ya miti ya kivuli na kutumwagia umande. Kahawa ikiwa na maua, njia nzima ilinukia kama harusi, na kahawa ikiwa imeiva, ilinuka uchachu wa maganda yaliyomwagwa karibu na mashine za kukoboa. Ungenifunga kitambaa machoni ningekuambia tumefika wapi kwa pua tu.

Kengele ya kanisa ilikuwa inatukuta pale pale kwenye kona ya misheni. Mama anaachia mkono mmoja afanye ishara ya msalaba, na hapo ndipo mimi nilipokuwa nasali kweli kweli, kwa sababu baada ya kona ndipo ulipoanza mteremko mkubwa, na breki ya nyuma ilikuwa imekufa kabla ya mwenyewe. Mama alivaa kandambili za tairi. Akitaka kupunguza mwendo anakanyaga tairi la mbele kwa soli, mpira unanuka kuungua, tunateremka tukiacha harufu yetu nyuma kama gari la moshi.

Shida ilikuwa salamu. Kwetu mtu aliye juu ya baiskeli akimkuta mzee hushuka kwanza, akasimama, ndipo akasalimu. Sasa kwa mteremko ule na breki zile utashuka vipi? Mama alianza kupiga shikamoo tangu mbali, shikamoo baba, shikamoo mama, kama mtu anayefukuza kuku. Mimi nilibaki kupokea majibu, kwa sababu marahaba ilikuwa inatoka wakati sisi tumeshapita. Wengine hawakujibu marahaba. Mzee mmoja jirani yetu, mwenye ulimi mkali, alikuwa anaita, "Suruali hiyo naijua, imefufuka?" Na mama bila kugeuka, "Imefufuka, na wewe ungoje zamu yako." Kesho yake mzee huyo huyo alikuwa anamtuma ugoro mjini.

Chini ya mteremko ulikuta ghala la chama cha ushirika, jengo refu la bati lenye mizani mlangoni, wazee wamekaa kwenye magunia wakizungumza kuhusu miaka ambayo kahawa ilijenga nyumba na kusomesha mapadre. Kisha daraja la mawe la enzi za Mjerumani, jembamba, limeota ukoka ubavuni. Hapo ndipo mama aliposimama, kila mara. Tulinawa uso mtoni, akafungua jani la mgomba, ndani yake kiburu cha jana, ndizi na maharage yaliyopondwa pamoja, baridi. Tulikula tumekaa ukutani, miguu inaning'inia juu ya maji. Mama hakuwa msemaji, lakini pale darajani alikuwa anaimba, si kwa sauti, kwa pua. Nyumbani haimbi.

Baada ya daraja ni Rau, na baada ya Rau njia inanyooka, lami inaanza, joto linakupiga usoni kama mvuke wa chungu. Tulipita stesheni ya reli, jengo zuri la kale, mabehewa yamesimama na majani yameota katikati ya reli. Tukaingia mtaa wa maduka ya Wahindi, nyumba za ghorofa zenye veranda za mbao zilizochongwa, kengele ya hekalu inalia, harufu ya udi na binzari. Mteja wetu mkubwa alikuwa bibi wa Kihindi aliyevaa sari nyeupe siku zote. Mama aliniambia nyeupe ile ni ya ujane, kwao mjane havai rangi. Bibi yule alitia kidole kwenye dumu, akaonja, akatikisa kichwa, akasema, "Ya leo zuri. Bado iko na moto ya ng'ombe." Akamtazama mama, akaitazama baiskeli, akamtazama tena. Hakuwahi kuuliza mume yuko wapi. Alinipa kachori imefungwa kwenye gazeti, na mama akapewa chai, na wote wawili wakakaa ngazini kimya, mmoja na sari nyeupe, mmoja na suruali ya marehemu.

Kurudi ni kusukuma. Mama kashika usukani, mimi nasukuma keria, madumu matupu yanagongana, ndani ya gunia kuna sukari, mafuta ya taa, mkate siku tukibahatika. Jua linachoma utosi. Nikilalamika mama alikuwa na msemo wake mmoja: "Kushuka kila mtu ni hodari." Mambo yote makubwa aliyoniambia maishani aliniambia tukisukuma. Kwamba nitasoma. Kwamba baiskeli hii ndiyo inayonisomesha, siku ikiondoka maziwa hayashuki, na maziwa yasiposhuka mimi shule basi, nitakata majani ya ng'ombe mpaka niolewe. Alisema bila huruma, kama mtu anayesoma tangazo. Nilikuwa nasukuma kwa nguvu zaidi.

Ndipo baba mdogo akarudi.

Kiwanda chao kilikuwa kimeuzwa, na wanunuzi hawakutaka watu, walitaka mashine. Alikuja na godoro limeviringishwa na sanduku, amekonda, ameota ndevu za kutojali. Alikaa kwa bibi. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Sasa hivi nina umri unaokaribia wake wa wakati ule, na mume wangu mwenyewe nimeshamwona asubuhi akiwa hana pa kwenda, anavyozunguka nyumba akigusa vitu. Baba mdogo alikuwa hivyo. Alizunguka kihamba, akagusa migomba, akafika nyuma ya nyumba yetu akakuta ukuta mtupu, baiskeli iko barabarani na mama yuko juu yake.

Alimfuata mama akaomba baiskeli kwa upole. Alitaka kubeba mikungu ya ndizi kupeleka soko la mjini. Mama akakataa. Baba mdogo akaenda kwa wazee wa ukoo, wazee wakasema kweli ni yake, lakini mjane naye ana mtoto, tutakaa, tutaona. Wazee wa kwetu wakisema tutaona, mwaka unaisha. Na mama hakungoja waone. Akaanza kulala na baiskeli ndani, imeegemea kitanda. Nilikuwa nikijigeuza usingizini nagonga pedeli.

Jumapili moja baada ya misa tulikuwa uani kwa bibi. Kulikuwa na mbege, kwa hiyo kulikuwa na watu: majirani, mzee wa ulimi mkali, wake zao. Bibi amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi. Baba mdogo akatokea njiani, amevaa shati la kanisani, na mkononi ameshika isale.

Usiye wa huku nikueleze. Isale ni jani refu la ule mmea tunaopanda mipakani mwa vihamba na kwenye makaburi ya watu wetu. Mchagga akija kwako na isale mkononi, huwezi kumkatalia. Hata kama amekuulia ndugu. Ukilikataa isale laana inabaki mlangoni kwako, wewe na watoto wako. Kila mtu uani alijua. Wanawake waliacha kuongea. Kata ya mbege ilikuwa mkononi mwa mtu ikabaki pale pale.

Baba mdogo akasimama mbele ya mama, akanyoosha lile jani kwa mikono miwili.

"Shemeji, nimekuja na hili. Naomba baiskeli ya kaka."

Nilimtazama mama. Mzee wa ulimi mkali akasema polepole, "Amepatikana." Na mimi nikajua shule imeisha, imeisha pale pale, kati ya karai la maganda ya ndizi na viatu vya baba mdogo.

Bibi hakuinua kichwa. Kisu chake kiliendelea kumenya.

"Nani amekosa?" akauliza.

"Hakuna aliyekosa, mama."

"Hilo isale limeota mkononi mwako?"

Watu wakacheka kidogo.

"Mama, mimi naomba tu."

"Anayeomba huja na mdomo wake. Aliyekosa ndiye huja na isale. Au kule kiwandani mlikuwa na desturi nyingine?" Sasa akainua kichwa. "Haya. Mwambie mke wa kaka yako ulichomkosea. Sisi tupo. Tena kaa chini, kosa halisemwi kwa kusimama."

Baba mdogo akatazama huku na huku. Akashusha lile jani ubavuni, kama mtu anayetaka kulificha nyuma ya suruali.

"Halirudi ulikolichuma," bibi akasema.

"Sema bwana," mzee akadakia, "mbege inachacha."

"Wewe kunywa," bibi akamwambia.

Nilidhani baba mdogo ataondoka. Nilimwombea aondoke. Akakaa. Alikaa chini kabisa kwenye vumbi na shati lake la kanisani, mtu mzima, akalitazama lile jani muda mrefu. Aliposema, alisema kwa Kichagga, kwa sauti ndogo hata walio nyuma wakasogea.

Alisema, "Sikuja kumwona."

Hakuna aliyemsaidia.

"Kaka alilala humu miezi yote ile. Mimi nipo Pasua hapo chini. Wenzangu wakaniambia ana hali mbaya. Nilikuwa nimeshaachishwa, sikumwambia mtu. Nilikuwa natoka asubuhi kama naenda kazini, nakaa stesheni. Mtu anakwenda kumwona mgonjwa mikono mitupu? Hata mkate. Nikasema nikipata kibarua nitapanda, nitampelekea nyama. Nikaja kumzika."

Kwetu huendi kwa mgonjwa mikono mitupu. Hilo nalo ni la kwetu. Watu walitazama chini. Kumbe wakati tunamlaani kwa kiburi chake, kwamba yuko mjini anakula mshahara na kaka yake anatema damu, alikuwa amekaa kwenye benchi la stesheni akitazama mabehewa yasiyokwenda.

Mama akainama, akachukua isale mkononi mwake.

"Alikuwa anakuuliza," akasema. "Kila mbwa akibweka, anasema huyo ni mdogo wangu, mfungulieni."

Baba mdogo akajifunika uso. Sikuwa nimewahi kumwona mwanamume mkubwa akilia mbele ya watu na sikutaka kuona tena, nikatazama migomba.

"Nimesamehe," mama akasema. "Baiskeli inabaki."

Hakuna aliyepinga, hata yule mzee. Kosa lilikuwa limesemwa, isale limepokelewa, hakukuwa na kingine cha kuombwa nalo. Bibi akafuta kisu kwenye kanga, akasema, "Mpeni mwanangu mbege." Akapewa kata kubwa, akanywa yote.

Baada ya hapo hawakukaa kikao chochote, lakini siku za soko baiskeli ilikuwa yake. Asubuhi mama anashusha maziwa, baba mdogo anashuka kwa miguu, wanakutana mjini, kisha anapanda nayo kuchukua ndizi za kushusha tena. Na siku nyingine tukirudi tulimkuta ametungoja darajani. Anapokea usukani kwa mama, anasukuma mteremko wote ule peke yake, sisi wawili tunamfuata nyuma tukila mkate kama wake wa mangi, wa chifu. Akatengeneza na breki. Mama alizijaribu mara moja, akasema zimembana, akaendelea na kandambili zake.

Nilimaliza la saba. Nikaenda sekondari. Yote yalishuka kwenye mteremko ule, dumu moja baada ya jingine.

Sasa nikuambie nini kimebaki. Ghala la chama limefungwa kufuli, upande mmoja wameweka baa. Bibi wa sari nyeupe alichukuliwa na watoto wake Kanada, na duka lake linauza simu. Miti mingi ya kahawa imeng'olewa, na ile ya kivuli imepasuliwa mbao, kwa hiyo mbega nao wamehama. Bibi amekufa. Baba mdogo amekufa, Mungu amrehemu, alikuwa ameshaoa na kupata wawili. Barabara wameipanua, na sisi tulishangilia, tulipiga vigelegele kabisa siku greda linapita, kwa sababu hatukujua linabeba nini nyuma yake. Lilileta malori. Mbao, mchanga, mawe, matanuri ya matofali. Lori linaloshuka Uru halimpigii mtu shikamoo. Moja lilimpita mama kwenye kona kwa upepo tu, halikumgusa, likamtupa yeye na maziwa yake kwenye mfereji. Alitoka mwenyewe, akasukuma baiskeli mpaka nyumbani, na hakuipanda tena. Wanaume wa ukoo mzima walishindwa kumshusha. Dereva ambaye hata hakumwona akamshusha.

Siku ile ya Krismasi, tumemaliza kula, binti yangu amelala mapajani mwangu, nikamwuliza mama kama anaikumbuka baiskeli. Nilitaka akasirike pamoja nami. Alikuwa anatoa nyama kwenye meno kwa kijiti, hana haraka.

"Chuma kile? Kiliniumiza mgongo."

"Huna unachokumbuka?"

Akafikiri.

"Huku juu nilikuwa mjane," akasema. "Mjini nilikuwa mama maziwa. Pale katikati, kuanzia kanisani mpaka relini, hakuna aliyekuwa ananiita kitu. Hapo napakumbuka."

Nina miaka michache ya ndoa, nina chumba na sebule Rau, mke wa fulani, mama wa fulani, mpangaji wa fulani, na nilitafuta kichwani sehemu yangu mimi isiyokuwa na jina, nikaikosa.

Binti yangu ana baiskeli, ya magurudumu matatu, nyekundu. Anaendesha uani kwa mwenye nyumba, kutoka ukuta huu mpaka ukuta ule, na kila akifika ukutani anashuka, anaigeuza kwa mikono, anapanda tena.